Mama Asiyepokelewa Mzigo

Alikuwapo mama mmoja, wapendwa, na nikianza kumweleza tafadhali msigeuke kutazamana. Mama huyu alimpata mwanawe wa pekee baada ya kungoja sana, kwa machozi na maombi mengi. Alipompata akaapa moyoni: huyu hataguswa na taabu.

Na kiapo akakishika kweli. Binti yuko darasa la sita, bado anavalishwa soksi. Samaki anatolewa miiba na mama. Mwalimu akaagiza kila mtoto asuke mkeka mdogo wa ukindu. Mama akausuka yeye, hadi vidole vikamchubuka. Mkeka ukasifiwa shule nzima. Mnacheka? Mama alifaulu vizuri sana!

Na bado awahi kazini, arudi apike, afue, akimbilie kwaya. Mgongo unamuuma, hasira ziko puani. Ukimuuliza, "Dada, mbona umechoka hivyo?" anakujibu, "Ndiyo kulea huko."

Sasa mnajua desturi yetu. Mtu akitoka sokoni, watoto humkimbilia kumpokea mzigo. Hata huyu binti, alipokuwa mdogo, alikuwa akitoka mbio: "Mama, nikupokee!" Na mama, kwa mapenzi kabisa, anamwambia, "Acha mwanangu, mzito huu, utateguka." Kesho yake, "Acha, utamwaga." Ikafika siku binti hakutoka tena. Ninyi mngeendelea kutoka?

Jumamosi moja mama alikuwa anarudi sokoni, kikapu cha viazi mkononi, mkungu wa ndizi kichwani, shingo inataka kuzama mabegani. Anakaribia kwake, anamwona nani? Binti yake, uani kwa jirani, ana ndoo ya maji kichwani, maji yanamtiririka usoni, naye anacheka! Amempokea jirani aliyetoka bombani. Jirani akaitua ile ndoo, nusu imeshamwagika, akasema, "Asante, mwanangu. Mungu akukuze."

Wivu ukampanda mama, nisiwafiche. Akamwita binti ndani kabla hata ya kuutua mkungu.

"Hapa nyumbani hata kijiko huinui, kwa watu unabeba ndoo? Nimekukosea nini mimi?"

Binti akainamisha uso. "Hujanikosea, mama."

"Sasa?"

"Kule naambiwa asante."

Mama akarudisha mawazo nyuma. Akaitafuta siku hata moja aliyowahi kumwambia mwanawe asante, hakuiona. Angemshukuru kwa lipi? Alimfundisha kuisema: asante kwa chakula, asante kwa nguo, na binti aliisema kutwa. Ya kwake mwenyewe hakuwahi kuipata katika nyumba ile. Mama alikuwa amempa kila kitu, akamnyima nafasi ya kumfaa mtu.

Basi akaweka kikapu chini, akainama taratibu, na mkungu wake kichwani, mpaka akawa kimo cha mwanawe.

"Nipokee, mama yangu," akasema. "Nimechoka."

Binti akaupokea. Mkungu ukayumba, ndizi kadhaa zikachomoka zikaanguka sakafuni. Mikono ya mama ilitaka kurukia. Akaizuia, akaificha nyuma.

"Asante, mwanangu," akasema, akalia. Alilia kwa furaha, maana shingo yake ilikuwa nyepesi, na mbele yake amesimama msaidizi aliyepewa na Mungu zamani sana.

Na sisi je? Tunapiga magoti kuomba msaidizi, na msaidizi amekaa sebuleni anasubiri kuletewa maji ya kunywa. Mgeni mwenyewe, siku ya tatu tunampa jembe. Mtoto wa darasa la sita hatujampa hata ufagio, kisha tunamlaumu kwamba hajali! Na ninyi akina baba mnaochekea hapo nyuma, mara yenu ya mwisho kupokea mzigo wa sokoni ni lini?

Mama zetu, hakuna anayewadai mpende kidogo. Mmetulea, na Mungu awabariki kwa kila usiku na kila sufuria. Lakini mtazameni Mungu mwenyewe. Angeshindwa kutulimia? Ametuachia jembe mkononi, tunalima kombokombo, na tukimletea hapa kikapu chetu cha mahindi anakipokea kana kwamba ghala lake lilikuwa tupu. Anajua mtoto hukua kwa kuhitajiwa.

Basi leo mkifika nyumbani, mwiteni yule mliyempata kwa machozi. Mpeni kitu abebe. Akidondosha, nyamazeni. Halafu semeni ile asante, kwa sauti, aisikie. Wengine humu ndani wana mtoto mkubwa mwenye ndevu, naye anaisubiri mpaka leo.