Ukuta wa Fundi Khojali

Inasimuliwa, na mwenye kubisha abishe sasa kabla sijapata moto, kwamba zamani palikuwa na mahali ambapo mito miwili mikubwa ilikutana, mmoja wa maji meupe, mwingine wa buluu, ikaenda ubavu kwa ubavu bila kuchanganyika, kama wake wenza walionuniana. Ninyi mliosoma mtasema haiwezekani. Nendeni mkaone.

Watu wa kingo hizo mbili nao hawakuwahi kusali safu moja. Fundi Khojali wa ukingo mweupe, Mola amrehemu, akawasihi miaka hadi wakaridhia msikiti mmoja pale penye makutano. Shekhe Dafallah wa ukingo wa buluu akatia sharti: likionekana kosa, watu wake wanarudi kwao na hawavuki tena.

Khojali akajenga wakati wa mafuriko. Kibla akaipima kama wazee walivyomfundisha: ufuate mstari ambapo maji hayo mawili yanagusana, ndiko iliko Makka. Ijumaa ya ufunguzi umma umejaa, mafuriko yamekwisha, naye akatupa jicho mtoni. Mstari umehama. Kumbe mto wa buluu ukifurika humsukuma mwenzake, ukitulia humrudishia nafasi. Akalitazama jua, akapima moyoni. Ukuta wa kibla ulielekea kwingine kabisa.

Hakuna mwingine aliyeona. Akinyamaza, amani inabaki na jina lake linatukuzwa.

Khojali akasimama mbele ya watu. "Ndugu zangu, ukuta huu umeipa Makka bega. Kosa ni langu."

Macho yote kwa Dafallah. Shekhe akacheka hadi kilemba kikamlegea. "Siku zote nasema watu wa maji meupe hawajui kujenga. Sikujua kwamba kusema kweli wanajua. Nani ana sururu?"

Wakasali uwanjani, safu moja, wakiielekea kibla ya haki. Kisha wakaubomoa ukuta pamoja, wakaujenga pamoja. Nyumba zikaota kuuzunguka msikiti, zikaja madrasa na masoko, hadi ukawa mji mkubwa ambao wafalme waliuonea wivu. Mji uliosimama juu ya neno la kweli, nani atauangusha?

Haya, kuna kipande nimekiruka. Kabla ya kusema lolote, Khojali alikuwa ameshika njia ya kwenda zake. Mlangoni akamnong'oneza siri mkewe, Bi Sittuna, ili ampishe. Bibi hakumpisha. Alimwambia polepole, "Bwana, hawa wote watasujudu ulikowaelekeza wewe." Ndipo akarudi. Nilitaka sifa zote ziwe za fundi, kisa kinoge. Lakini hata mja mwema huhitaji wa kumshika kanzu, na Mwenyezi Mungu anamjua aliyeishika.