Mkubwa Kuliko Nani?

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanaazimana chumvi na kulindiana watoto, neno "kuliko" lilikuwa halijazaliwa. Palikuwa na "mkubwa" na "mdogo", basi. Ukishaitwa mdogo, umekwisha.

Kiangazi kikaja. Mabwawa yakakauka, likabaki moja tu. Tembo na Kiboko wakajiweka ukingoni.

"Wakubwa kwanza!" akanguruma Tembo. "Wadogo mtakunywa yatakayobaki."

Na yaliyobaki yalikuwa tope.

Akaja Mama Kidawa. Huyu alikuwa Sange, mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu. Mgongoni amembeba mwanawe Kidawa, anachemka kwa homa.

"Shikamooni, wazee wangu. Naomba maji, mtoto anaungua."

"Marahaba. Subiri," akasema Kiboko, akapiga mbweu. "Wewe mdogo."

"Mdogo kuliko nani?"

Tembo na Kiboko wakatazamana. "Kuli... nini?"

"Kuliko. Nimelitunga sasa hivi," akasema Mama Kidawa bila kupepesa. "Mtu hawi mkubwa hivi hivi tu. Huwa mkubwa kuliko mwenzake. Haya, kati yenu nani mkubwa kuliko mwenzake?"

"Mimi!" akasema Tembo.

"Wewe? Thubutu! Tazama tumbo hili!"

"Msigombane, wazee. Kipimo si kipo? Kile tunachowapimia watoto wakitaka kuanza shule. Pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili. Asiyefikia bado mtoto. Anayefikia ndiye mkubwa, naye ndiye atakayegawa maji. Mmekubali?"

"Tumekubali!" wakajibu wote wawili, na wanyama wote wakasikia.

Tembo akainua mguu wa mbele. Haufiki. Akapeleka mkonga kimyakimya.

"Aa! Hiyo pua, babu! Tumesema mkono!"

Akajaribu tena, akayumba huku, akayumba kule... puu! Chali.

Kiboko naye akanyanyua kimguu chake. Hakikufika hata shavuni. Chubwi! Uso wote topeni.

"Bado watoto hawa!" wakashangilia nyani. "Warudi nyumbani wakanyonye!"

Mama Kidawa akapitisha mkono juu ya kichwa, akalishika sikio lake, akasimama wima.

"Mimi ni mkubwa kuliko Tembo," akasema, kifua mbele. "Na kuliko Kiboko!"

Nani abishe? Walikwisha kubali wenyewe.

Akamnywesha Kidawa kwanza, kidogo kidogo, mpaka macho ya mtoto yakafunguka. Wakafuata wadogo wote. Kisha akachota maji kwenye kibuyu, akamwosha Kiboko tope machoni.

"Pole, baba. Njoo unywe, yapo."

Tembo akauliza kwa sauti ndogo, "Na kesho, Mama Kidawa, nani atakuwa mkubwa?"

"Kesho hatupimi mikono, babu. Tutapima kiu."

Basi wanangu, mtu akikuita mdogo, inua kichwa umuulize: kuliko nani, na kwa kipimo gani?