Jemadari wa Mapajani

Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Maana yake ni kwamba kila kiumbe kimepewa uwezo wake, na anayemlazimisha bata awike au jogoo aogelee hujichosha bure na kumwonea mnyama asiye na kosa. Methali hii watu huitaja kila siku, tena kwa kutikisa kichwa kwa busara, kisha wakifika nyumbani kwao huisahau. Mmoja wa wasahaulifu hao alikuwa muuzaji wa vifaa vya ujenzi ambaye mji mzima ulimwita Misumari.

Duka la Misumari lilitazama barabara, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka. Katikati palikuwa na ua uliojaa mabati, nondo na mifuko ya saruji. Alikuwa mchapakazi, mwenye sauti kubwa na moyo laini, ila akishaamua jambo lake, haambiliki hasemezeki. Aliishi na mkewe, aliyeshirikiana naye dukani, pamoja na mama yake mzazi.

Mama huyo alikuwa msusi aliyesifika. Vidole vyake vilikuwa vimesuka nusu ya maharusi wa mji ule, na kwa jasho la vidole hivyo hivyo Misumari alisoma na kufungua duka. Kisha kiharusi kikamwangusha. Alipoinuka, ulimi wake ulikuwa mzima kama zamani, lakini mkono wa kulia ulilala pajani kama mgeni. Daktari wa hospitali alimpa kipira cha kufinya kila siku ili vidole viamke. Bibi huyo alikitazama, akakiweka dirishani.

"Mimi nimesuka maharusi," alisema. "Leo nichezee mpira?"

Tangu siku hiyo alishinda kitini kando ya mlango wa uani, chakula akikionja tu, maneno yakimtoka kwa nadra kwa huzuni. Misumari aliumia mno. Akiwa dukani anapima nondo, mawazo yake yalikuwa kwa mama aliye peke yake kule nyuma. Ndipo akakata shauri: nyumba ile ilihitaji mbwa mkali wa kumlinda mama.

Bahati ikamletea mteja aliyekuwa akihama mji na kutafuta mtu wa kumwachia kitoto cha mbwa. "Bwana, huyu si mbwa wa hivi hivi," mteja alisema. "Ni uzao wa kifalme. Mababu zake walikaa na wafalme."

Misumari hakuuliza la pili. Mfalme gani atafuga mbwa legelege? Alimbeba ndani ya kasha la misumari, akampa jina kabla hawajafika uani: Jemadari.

Basi Jemadari alikuwa na manyoya meupe yenye mabaka ya hudhurungi, laini kama hariri, masikio marefu ya kuning'inia, na macho makubwa ya duara yaliyomtazama kila mtu kana kwamba ndiye aliyekuwa akisubiriwa tangu asubuhi. Mke wa Misumari alimtazama, akamtazama na mumewe.

"Huyu ndiye mlinzi?"

"Atakua," Misumari alijibu.

Kila wiki alimsimamisha mbwa kwenye mwimo wa mlango na kuchora alama kwa penseli ya seremala. Mwanzoni alama zilipanda. Baadaye zilikaa mahali pamoja, moja juu ya nyingine, mpaka zikawa mstari mnene mweusi. Misumari akaongeza chakula. Lo! Jemadari akakua kweli, ila alikua kwenda kando. Alipoanza kuhema kwa kupanda ngazi ya baraza tu, wakampeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari, mama mmoja mpole asiye na haraka, alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. "Moyo wake bado mzima," alisema. "Lakini mbwa wa aina hii mioyo yao huchoka mapema, hasa wakinenepa. Mpunguzieni chakula, mtembezeni kila siku taratibu, msafisheni masikio. Na mchaneni nywele kila siku. Ona hapa, zimeshaanza kujisokota. Tena msimwache peke yake, huyu akikosa mtu wa kukaa naye hunyong'onyea."

"Sawa, daktari. Na atamaliza kukua lini?"

Daktari alimtazama kuona kama anatania. "Ameshamaliza, bwana."

"Lakini ni wa kifalme!"

"Ni kweli. Wafalme walikuwa wakimpakata mapajani."

Mke wa Misumari alicheka mpaka akashika meza. Mumewe hakucheka. Alirudi nyumbani, akamwachia Jemadari uani, akaenda zake dukani.

Mbwa, alipoona uani hakuna mwingine, alimwendea mtu pekee aliyekuwapo. Alijiinua kwa miguu ya nyuma, akaweka kidevu juu ya ule mkono wa bibi uliolala, akatulia hapo hapo. Bibi alitaka kumfukuza. Macho yake yakaangukia masikioni mwa mbwa, kwenye yale mafundo ya nywele.

"Ala! Nywele gani hizi, ndani ya nyumba ya msusi?" alisema kwa sauti ambayo haikuwa imesikika nyumbani humo kwa muda mrefu. "Mkwe wangu! Hebu niletee kile kikapu changu cha vitana!"

Akaanza kazi kwa mkono wa kushoto. Lakini msusi yeyote anajua kwamba fundo halifunguki kwa mkono mmoja. Lazima mwingine ushike nywele kwenye shina, la sivyo utamwumiza mteja. Bibi aliuweka ule mkono mzito juu ya sikio, ukateleza. Akauweka tena, ukateleza tena. Jemadari alikaa kama mteja mstaarabu, hata mkia hakuutikisa.

Ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi bibi alimchana, akimzungumzisha na kumkanya. "Tulia, mteja. Kichwa juu. Wewe nawe unapenda kujikuna, utaniharibia kazi." Mchana mkewe Misumari aliwatembeza wote wawili hadi mwisho wa uzio na kurudi, bibi na fimbo yake, Jemadari na tumbo lake, na kila siku tumbo lilipungua.

"Mama amecheka leo," mke alimwambia mumewe wakati wa chakula. "Tena amemaliza sahani."

"Vizuri," alisema Misumari, "ila kicheko hakifukuzi mwizi."

Maneno hayo yalikuwa kama ya utabiri. Mchana mmoja, bibi akiwa amelala chumbani, mtu aliingia uani, akajitwika bunda la waya na kuondoka nalo. Jirani aliyeona aliapa kwamba Jemadari alimpokea mwizi yule kwa furaha, akamsindikiza hadi langoni, na akabaki pale akimpungia mkia.

Misumari alifura kwa hasira. "Angeingia chumbani kwa mama je? Angemkaribisha pia?" Akamwita mfugaji wa mbwa wakubwa, wakakubaliana kubadilishana: yeye atoe Jemadari, apewe mbwa wa kumtisha hata mwenye nyumba. Mkewe alisema hili, akasema lile, lakini wapi! Mama yake hakuambiwa kitu. Misumari alijidanganya kwamba mzee hatajali sana, kwani mbwa ni mbwa.

Mfugaji alifika Jumamosi asubuhi na jibwa jeusi lililofungwa mdomo. Alilifunga kwenye nguzo, likaanza kunguruma. Jemadari alikuwa magotini kwa bibi, sikio moja limechanwa, la pili bado.

"Ndiye huyu?" mfugaji aliuliza, akishika kamba ya Jemadari na kuivuta. "Njoo, mdogo wangu."

Kamba haikuja. Akavuta tena, ikakaza.

"We baba, una wazimu?" bibi alifoka. "Hujaona sikio hili sijalimaliza? Misumari! Huyu nani anayenichukulia mteja kitini?"

Misumari alisogea ajibu, akasimama ghafla. Kitana kilikuwa katika mkono wa kushoto wa mama yake. Kamba ilikuwa katika mkono wa kulia. Vidole vile vilikuwa vimeizunguka, na havikuachia.

"Mama," alisema polepole. "Mkono wako."

Bibi alitazama chini. Alikuwa hajui. Midomo ikaanza kumcheza. Misumari alipiga magoti mbele yake, akampa kidole chake kama mtoto.

"Nifinye, mama."

Bibi aliachia kamba, akakipita kile kidole, akamshika sikio. Akalifinya, si kwa nguvu kama zamani, lakini lilifinyika.

"Hili ni la kutaka kuniuzia mteja wangu," alisema, machozi yakimtiririka huku akicheka. Na Misumari, mtu mzima mwenye duka, alilia kwa sauti mbele ya mfugaji, na hakuona haya.

Mfugaji akafungua jibwa lake, akaaga. "Na wezi je?" aliuliza akiwa langoni, si kwa ubaya.

Mke wa Misumari ndiye aliyejibu. "Kaka, tazama hapo unaposhika. Tuna duka zima la makufuli, na lango letu tunalifunga kwa kamba ya katani!"

Misumari alijifuta uso, akaingia dukani, akatoka na kufuli kubwa kuliko yote. Akalifunga langoni mwenyewe, akalivuta kuhakikisha. Aliporudi uani alimkuta mama yake ameshika sikio la pili kwa mkono wa kulia, na Jemadari amefumba macho. Kufuli lilinde lango, Jemadari amlinde mama: kila ndege huruka kwa ubawa wake.