Kwa Nini Chai Yetu Haivuki Kiuno

Kaeni, lakini huyo wa mlangoni asifunge mlango, nataka kuliona bonde. Mwenzenu Lugano alisema anashuka mara moja tu kupiga picha, na ukungu huo mnaouona unapanda haumsubiri mtu na kamera yake. Haya. Mmeuliza kwa nini chai yetu ni fupi, na kwa nini wachumaji wanapigiana kelele kutwa nzima. Vitabu vyenu vina majibu yake. Haya ni ya kwetu.

Zamani hizo, kabla mji huu haujapata hata barabara, mchai ulikuwa mti hasa, mrefu kupita mapaa, na watu walipita chini yake kama wako uvunguni mwa kitanda. Ukungu ukishuka, humwoni hata uliyemshika mkono. Wazee wakaweka mwiko: ukunguni mtu asiite jina, na aliyeitwa asiitike, kwa sababu ukungu ukilijua jina utamchukua mwenyewe. Watu wakafuata, hawakuuliza.

Subilaga, mjane mwenye mtoto mmoja tu, ndiye aliyeushika mwiko huo kuliko wote. Alimfundisha binti yake Tumpe huku akimfinya sikio: "Hata ukisikia sauti yangu, nyamaza. Ni ukungu unakudanganya."

Siku moja walikwenda kuokota kuni. Subilaga aliinama kufunga mzigo, akainuka, ukungu umeshatanda na mtoto hayupo. Alipapasa huku na huku bila kufungua mdomo. Ili asizunguke palepale, kila alipopita alivunja ncha ya tawi, majani mawili na chipukizi lake, apatambue. Alitafuta hivyo mchana kutwa, na kesho yake, roho mkononi, hali wala haketi. Majirani walimsaidia, nao kimya.

Siku ya tatu ikamshinda. Akapiga ukelele: "Tumpeee!" Majirani wakaziba masikio. Hakuna aliyeitika.

"Basi, umeshamchukua," wakasema.

Subilaga alishika panga akaanza kuikata michai usawa wa kiuno, mmoja baada ya mwingine, na kila akikata anaita. Majirani wakaona haya, wakaenda kuleta mapanga yao.

Jamani, kuna anayemwona mtu kule chini? Hamna? Ee, Lugano huyu!

Mwanga ulipoingia, wakamwona Tumpe. Alikuwa hatua kumi tu kutoka penye mzigo wa kuni, pale mama yake alipopita mara ngapi sijui. Amekaa kitako, mikono yote miwili mdomoni, midomo imepasuka kwa kiu. Subilaga akamnyanyua, akamuuliza, "Mwanangu, hukunisikia nikikuita?"

"Nilikusikia, mama. Ulinikataza kuitika."

Mtoto hakulia. Aliyelia ni mama, akalia mpaka watu wakaogopa.

Na tangu siku hiyo mchai hauachwi uvuke kiuno. Ukichipua tu, vidole viko juu yake, majani mawili na chipukizi, kama alivyovunja Subilaga. Na ukungu ukipanda, likiitwa jina lolote bonde zima linaitika, hata wasioitwa, ili asipatikane tena mtoto wa kudhani kunyamaza ndiko kupona. Ndiyo hizo kelele mnazozishangaa.

Sasa nyamazeni kidogo. Lugano! Lugano weee!

Mmesikia? "Nipo! Nipo!" Hao ni wachumaji, mpaka kule mtoni. Lakini yeye sijamsikia. Hamkumwambia kwamba huku watu huitika? Lugano weee!

Haya, huyo. Yule wa mwisho kabisa, anayeitika kwa aibu: "Nipo, bibi! Kwani kuna nini?"

Kuna nini, anauliza! Mmiminieni chai, iwe ya moto. Akifika namfinya sikio kwanza, ndipo anywe.