Pumzi ya Mtungi

Enzi zile wanyama walipokuwa wakisema sana na kufikiri kidogo, kama sisi tu, ukame uliifyonza nchi mpaka likabaki bwawa moja, la Simba. Nalo lilikuwa linakufa. Mayungiyungi yalikuwa manjano kama meno ya Fisi, na perege walikuwa wakihema. Simba hakuwahurumia samaki. Alichohofia ni Chui kupita na kucheka.

Akaitwa Sungura. Akaja na mtungi wa pombe ya asali inayochacha, akauziba mdomo, akapitisha mwanzi kutoka mtungini hadi majini. Mapovu yakaanza kupanda.

"Pombe ikichacha hupumua," alisema. "Pumzi hiyo ni chakula cha majani. Yakiila juani, huwarudishia samaki hewa safi. Lakini jua likizama, majani hayali. Mwanzi utolewe, la sivyo pumzi itajaa, maji yawe makali, na perege wakabwe."

"Nani atausimamia?" akauliza Simba.

Fisi alikuwa ameshasimama. "Mimi, Mtukufu. Samaki siwagusi. Miba yao inanikwaruza koo."

Hayo aliyasema Fisi, atafunaye fupa la nyati kama muwa.

Bwawa likarudi kijani. Ndipo jioni moja Fisi akasahau kuutoa mwanzi. Alfajiri aliwakuta perege juu ya maji, midomo wazi, wakitafuta hewa. Hakulowesha hata kucha. Akashiba, akaenda kwa Simba na uso wa msiba: "Mafua, Mtukufu. Yamewamaliza." Tangu hapo akawa anasahau kila jioni, kwa bidii kubwa.

Konokono wa bwawani akamfuata. "Bwana Fisi, maji yamekuwa makali. Gamba langu linalainika."

"Uzee huo, bibi. Hata mimi kiuno kimelegea."

"Chako kimelegezwa na shibe," alisema Konokono, akaenda kwa Sungura, kwa mwendo wake.

Alipofika, tamaa ya Fisi ilikuwa imeshamtangulia. Mtungi mmoja haukumtosha. Alipika mingine, akaificha pangoni mwake kando ya bwawa, akaunga mwanzi mrefu, kisha akaziba mlango kwa mawe na tope asionekane. Akajilaza katikati ya mitungi yake, akiota perege.

Jioni hiyo Sungura alionja maji, akatema. Akaufuata mwanzi mpaka pangoni, akasikia mkoromo. Hakugombana na mtu. Aliirudia ncha iliyokuwa majini, akaiziba kwa tope ili pumzi ya mitungi ijae pangoni, akatupa bwawani vipande vya mawe ya chokaa kuyapoza yale makali, akaenda kumwalika Simba matembezi ya alfajiri.

Kulipopambazuka, mawe ya pango yaliporomoka. Fisi akatoka kwa magoti, macho yamemtoka, mdomo wazi, akihema. Magamba ya perege yalimeta kati ya meno yake.

"Una nini?" akauliza Simba.

"Pu... pumzi, Mtukufu."

"Ni yale mafua," alisema Konokono. "Huanza alfajiri, na kila mgonjwa huishia tumboni mwa Fisi."

Simba aliyatazama yale magamba, kisha akamwonyesha Fisi nyika kavu isiyo na tone. Fisi akaenda. Hata leo ukimsikia akicheka, sikiliza vizuri: bado anatafuta hewa.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.