Ya Kwanza au ya Pili

Wahenga waliposema kwamba mchagua jembe si mkulima, hawakumkataza mtu kuchagua. Mwenye macho haambiwi tazama, na aliyesimama mbele ya rundo la majembe lazima atagusa mpini mmoja mmoja. Walichokichukia ni kile kisirani cha kugusa mipini tangu asubuhi, mvua imeshanyesha na majirani wanapanda. Anayetaka kulima hulima, hata kwa jembe la kuazima.

Binti mmoja wa msusi alikuwa bingwa wa kugusa mipini. Akitumwa nyanya, aligeuza kila moja mpaka muuzaji akamuuliza, "Dada, unanunua au unachumbia?" Wateja waliokuwa wakisukwa na mama yake walimbandika jina la Mizani, nalo likamganda kama kupe.

Mizani alimaliza sekondari kwa alama nzuri, akataka kusomea usanifu wa majengo. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Vyuo vikuu viwili vyenye sifa vilimtia wazimu. Kimoja kilikuwa na geti refu la mawe, ambalo picha yake aliibandika kwenye kioo cha saluni. Kingine kilikuwa na maktaba ya vioo kutoka chini hadi juu. Mwaka ule mwombaji aliruhusiwa chaguo moja tu kwenye mtandao, ila angeweza kulibadilisha mpaka jioni ya siku ya mwisho. Mizani alilibadilisha kila siku. Leo geti, kesho maktaba, keshokutwa geti tena.

Siku ya mwisho ilipofika alilifuta chaguo lililokuwepo ili afikiri vizuri. Ukurasa ukakataa kubaki mtupu. Basi akabonyeza kozi ya kwanza iliyojitokeza, upimaji wa macho katika chuo kidogo ambacho hata hakukijua kilipo, kama mtu anayeweka jiwe kwenye foleni ili limshikie nafasi. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, hebu niamulie. Geti au maktaba?"

"Mwanangu, unakwenda kusoma au unakwenda kupanga nyumba?" mama alimjibu, vidole vyake vikiwa ndani ya nywele za mteja.

Mteja akatetea geti. Mteja mwingine akatetea maktaba. Ubishi ukanoga, vicheko vikapanda, na Mizani aliporudi kwenye simu, dirisha la maombi lilikuwa limefungwa. Lile jiwe lililowekwa kushika nafasi ndilo lililochaguliwa.

Alilia siku tatu. Siku ya nne akatangaza kwamba haendi popote, atakaa nyumbani mwaka mzima aombe upya.

"Sawa," mama alisema, akampa ufagio. "Nywele hizo hapo chini. Mwaka ni mrefu, utafagia nyingi."

"Mama, jamani! Kile si chuo. Nimesikia wana mashine moja tu ya kupimia macho."

Msusi aliweka kitana chini. "Mimi nilianza kusuka kwa kitana kilichong'oka meno. Hakuna mteja aliyeniuliza habari za kitana. Waliangalia kichwa kikitoka kimependeza."

Mizani akaenda, lakini kwa shingo upande. Muhula mzima hakulifungua begi lake kubwa. Lilikaa chini ya kitanda limefungwa kamba, na kila asubuhi alichomoa nguo kwa kupitisha mkono ubavuni, maana moyoni alijiona mpita njia. Darasani alikaa nyuma akichora mageti.

Mambo yaligeuka siku ya zamu yake kwenye ile mashine moja. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kusimulia: unamkalisha mtu mbele ya herufi za ukutani, unampitishia lenzi mbili machoni kwa zamu, unauliza, "Ya kwanza au ya pili?" Ile inayomfaa inabaki, unaishindanisha na nyingine. Mizani alimkalisha mwanafunzi mwenzake akaanza. Ya kwanza au ya pili? Ya pili. Na sasa? Aligeuza, akarudisha, akageuza tena, mpaka mwenzake machozi yakamtiririka.

"Mizani, nihurumie! Zote sawa!"

"Haiwezekani. Lazima moja iwe bora."

Mhadhiri wao, mama mpole mwenye miwani mizito, akamshika mkono. "Mwache. Mtu akikwambia zote sawa, ujue umefika. Tofauti iliyobaki ni ndogo mno, haimsaidii kitu. Mvalishe miwani yake aende zake akasome."

Darasa likacheka. Mizani naye akacheka, kisha akalikumbuka geti, akaikumbuka maktaba. Alipotoka pale alikwenda moja kwa moja chumbani, akavuta begi, akakata kamba, akapanga nguo kabatini. Tangu hapo ilibidi wenzake wamwombe awaachie mashine.

Miaka ikapita. Mizani akawa na chumba chake cha kupimia macho katika hospitali moja yenye shughuli nyingi. Asubuhi moja aliyeingia alikuwa mama yake, amejifunga mtandio mpaka puani kama anayekwepa wadai.

"Mteja ameniambia mistari yangu imepinda kama njia ya mlevi," alinong'ona. "Mwanangu, nikiacha kusuka nitakuwa nani?" Sauti ilimtetemeka, na Mizani hakuwahi kuisikia ikitetemeka.

Alimkalisha. Alimulika ndani ya macho, akayaona yana afya, ni umri tu umebisha hodi. Akaanza kupitisha lenzi.

"Ya kwanza au ya pili?"

"Ya pili."

"Na sasa?"

"Ya kwanza... ngoja. Mh! Zote sawa tu, mwanangu."

"Basi tumefika, mama."

Alimvalisha miwani yenye lenzi hizo. Msusi akatazama viganja vyake, akavigeuza. Kisha akamvuta binti yake kichwa, akaikagua mistari ya nywele kwa karibu.

"Nani amekusuka hivi? Huyu anyang'anywe kitana!"

"Ni wewe, mama. Mwezi uliopita."

Walicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Mama akapangusa machozi chini ya miwani, akauliza polepole, "Na lile geti lako? Bado linakuuma?"

Mizani akafikiri, maana hakupenda kumdanganya. "Bado napenda majumba, mama. Jumapili huwa nachora. Na lile geti nililipita mwaka jana, tulipokwenda mkutanoni na wenzangu wa kazi. Ni zuri kweli. Watu wanaingia, wanatoka, kama mlango wangu huu."

Mama aliondoka bila mtandio puani, akisoma kwa sauti kila kibao cha ukutani, hata kile cha kukataza kelele. Alasiri hiyohiyo alikuwa amerudi kwenye vichwa vya watu, mistari imenyooka kama uzi. Mizani naye alifuta lenzi zake, akamwita anayefuata, na wala huyo hakumuuliza alisoma chuo gani. Wahenga hawakukosea: mchagua jembe si mkulima.