Gae la Moto la Mtemi Nyanzala

Mgawa moto hazimikiwi. Mmemsikia mama wa bwana harusi akimwambia jirani yake maneno hayo hapa jikoni, mkayarudia kwa kicheko, kisha mkaniuliza yametoka wapi. Endeleeni kumenya ndizi, nami nitawasimulia, kwa kuwa methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na nchi ndogo iliyoitwa Busembe. Ilikuwa bonde moja lenye mto, na kilima kimoja kilichoitwa Igulwa. Katika nchi hiyo, mtemi alipofariki, kila nyumba ilizima moto wake. Mtemi mpya aliketi chini mbele ya watu wote, akapekecha vijiti viwili mpaka moto ukashika. Ndipo kila mwanamke alipokuja na gae la chungu kilichovunjika, akachukua kaa, akaenda kuwasha jiko lake. Nyumba iliyopikia moto huo ilikuwa imemkubali mtemi. Nyumba iliyoukataa ilikuwa imemkataa.

Moto wa utawala ulipekechwa mara moja tu. Ukizimika katika jiko la mtemi, na jua likazama jiko lingali baridi, utawala wake umekwisha. Wazee walichukua ngoma ya utemi wakampa mwingine.

Mtemi mzee alipofariki, wazee walimsimika binti yake, Nyanzala. Alikuwa mwanamke wa sauti ndogo, mwenye kuinamisha macho anapozungumza. Alikuwa amesoma kwa wamisionari wa Kiprotestanti kule bondeni, na huko ndiko alikobatizwa. Siku ya kusimikwa vijiti vilikuwa vibichi kidogo. Alipekecha asubuhi nzima. Viganja vilichubuka, vikatoa maji, kisha damu.

"Apumzike, mwingine ammalizie," alisema mzee mmoja.

Nyanzala alitikisa kichwa tu, akaendelea. Moto ukashika.

Basi alikuwapo Ludoviko, mwana wa baba mkubwa wa Nyanzala. Huyu alilelewa na misheni ya Kikatoliki kule Igulwa, kisha akapelekwa mbali kusoma. Aliporudi alimkuta dada yake kwenye kiti cha enzi.

"Baba yangu ndiye aliyekuwa mkubwa," aliwaambia wazee. "Tena mimi ni mwanamume. Na Wakatoliki wa nchi hii hawawezi kuamriwa na mwanamke wa kanisa la bondeni."

Wakatoliki wengi walimfuata, na wengine wasio na dini yoyote. Walizima moto wa Nyanzala katika majiko yao, wakapanda Igulwa, wakajenga vibanda kwa haraka. Padri wa misheni aliwaambia hakutumwa kusimika watemi, akafunga mlango wake. Ludoviko akatoa kiberiti mfukoni, akawasha moto wake mwenyewe.

"Mtemi wa kiberiti," watu wa bondeni walidhihaki kila walipokutana nao kisimani.

"Na wenu ni mtemi wa malengelenge," walijibiwa.

Maneno hayo yalianza kama mzaha. Baadaye vijana wakaanza kwenda kisimani na mikuki. Wazee waliona damu inakaribia, wakakata shauri: mvua zikiisha watapita nyumba kwa nyumba, na yule ambaye moto wake unapika katika majiko mengi zaidi atapewa ngoma. Kila siku Nyanzala aliona familia nyingine ikipanda kilima na vyungu kichwani.

Mvua zikaja, nzito kuliko zilivyozoeleka. Siku moja walinzi walimleta barazani mwanamke wa Igulwa, jina lake Monika. Walimkamata akiiba kaa la moto kwenye jiko la shemeji yake, amelificha katika gae chini ya nguo.

"Huko juu kumebaki baridi tupu, Mtemi," alisema, akipiga magoti. "Vibanda vinavuja. Kiberiti kimelowa. Watoto wanatafuna mahindi makavu. Ludoviko ametukataza kuchukua moto wako."

Mihayo, mkuu wa wazee, alishindwa kuficha furaha yake. "Mungu ametupigania. Tuwaache. Baridi itawashusha wenyewe, wakija wakitambaa."

"Na mvua hii iliyolowesha kitanda changu jana," aliuliza Nyanzala, "nayo ilikuwa inampigania nani?"

Wazee wengine walikohoa ili wasicheke.

"Mtemi, hao wanataka kiti chako."

"Najua wanachotaka." Aliinuka. "Niliapa kwamba hakuna jiko la Busembe litakalokuwa baridi mimi nikiwa hai. Sikusema jiko la Waprotestanti."

"Basi wapelekee mtumishi."

"Mtumishi watamrudisha."

Aliinama kwenye jiko lake, akachagua kaa kubwa la mti mgumu wa mkambala, akaliweka katika gae lenye majivu, akalifunika kwa chungu kidogo. Alitoka na Monika. Penye kivuko Nyanzala aliteleza, chungu kikaanguka, kaa likafa majini. Wazee waliokuwa wakitazama kutoka barazani walishusha pumzi kwa nafuu. Lakini Nyanzala alirudi, matope mpaka kiunoni, akapita katikati yao, akachukua kaa jingine. Safari hii hakuteleza.

Kule Igulwa watu walisimama milangoni wakimtazama. Wa kwanza kuja alikuwa Mama Agnesi, mamake Ludoviko, mwanamke mzee aliyekuwa akitetemeka chini ya blanketi lililolowa.

Ludoviko alitoka nyuma yake. "Unataka nini kwetu kwa kutuletea moto huo? Tutupe rozari?"

"Nimeleta moto, kaka. Sikuleta katekisimu."

"Na masharti yako ni nini?"

"Pikeni," alisema Nyanzala.

Ludoviko hakusogea. Mama Agnesi alimpita, akanyoosha mikono yote miwili, akapokea gae. "Wewe kaa na haki yako," alimwambia mwanawe. "Mimi nina baridi."

Nyanzala alirudi bondeni. Kule kilimani wanawake waliezeka upya kibanda kimoja, wakaulinda moto humo kwa zamu.

Kisha usiku mmoja mto ulipasua kingo zake. Kulipokucha bonde lote lilikuwa maji. Watu waliokolewa, wakakimbilia mwinuko lilipojengwa boma la mtemi, lakini hakuna jiko lililopona. Maji yalikuwa yameingia hata katika jiko la Nyanzala na kuacha tope jeusi.

Alipiga magoti, akachimba tope kwa vidole mpaka chini kabisa. Hakukuwa na cheche.

Mihayo alitoa ngoma, akaiweka uani. Alikuwa analia. "Sheria ni sheria, mwanangu. Tungoje jua lizame."

"Tungoje," alisema Nyanzala. Aliendelea kuchota tope, akafuta mafiga matatu mpaka yakawa safi, akayapanga upya kana kwamba jioni atapika ugali. Hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Maji yalipoanza kupungua, habari zilifika Igulwa. Alasiri walimwona Ludoviko akishuka na watu wake wengi, mvua ikiwapiga. Vijana wa bondeni walishika mikuki.

"Anakuja kuchukua ngoma," alisema Mihayo.

"Wekeni mikuki chini," alisema Nyanzala.

Ludoviko aliingia uani. Aliitazama ngoma kwa muda mrefu, maana ilikuwa pale, na hapakuwa na mtu wa kumzuia. Kisha akafungua joho lake. Kifuani alikuwa amekumbatia gae, na kanzu yake ilikuwa imeungua mahali.

"Nilikuwa nimevaa tayari nije kuichukua," alisema. "Mama akaniwekea hili mikononi, akaniuliza moto huu ni wa nani. Nilifikiri njia nzima. Sikupata jibu jingine, dada. Ni wako. Kwetu ulikuwa umelala tu."

"Hukuutupa mtoni," alisema Nyanzala.

"Nilifika mtoni," alijibu. "Nikasimama."

Nyanzala alipokea kaa, akaliweka kati ya mafiga. Kuni zilikuwa mbichi na moshi ukawaliza wote wawili, naye Ludoviko akapiga magoti upande wa pili, akapuliza pamoja naye. Moto ulishika jua likiwa bado juu ya Igulwa.

Mihayo aliiinua ngoma, akairudisha ndani. Alipotoka alisimama mbele ya watu, akasema kwa sauti ya mtu anayelipa deni, "Mimi nilisema wanyimwe. Angenisikiliza, jioni hii asingekuwa na pa kuomba. Mgawa moto hazimikiwi."

Wazee hawakupita nyumba kwa nyumba tena. Watu wa Igulwa waliendelea kusali kwao, wa bondeni kwao, na wakati wa mvua waliazimana makaa.

Sasa mnajua kwa nini mama wa bwana harusi, ambaye ni Mkatoliki, alimpa jirani yake wa kanisa letu nusu ya kuni za harusi ya mwanawe, kisha akaondoka bila hofu. Hakuwa anatania. Mgawa moto hazimikiwi.